Farasi Hajui Tarehe ya Mashindano

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 23:12, Kumbukumbu la Torati 5:14, Mithali 12:10, Hesabu 22:21-34

Juma hili naomba mnivumilie, kwa sababu swali lenyewe si la kawaida kwa ukurasa huu. Farasi anayeandaliwa kwa mashindano anapaswa kupumzika kiasi gani? Na yale mapumziko ni ya nani? Ni ya farasi, au ni ya yule anayetaka kikombe?

Najua utasema, "Pasta, mimi sina farasi. Hata punda sina." Ni kweli. Lakini Nairobi hii farasi wapo. Uwanja wa mbio uko pale Ngong Road tangu 1954, na mbio zenyewe hukimbiwa Jumapili mchana, wakati wengine wetu ndio tunatoka ibada ya pili. (Hayo ya Jumapili tutayaongea siku nyingine, leo siyo hoja.) Kuna polo Jamhuri, kuna polo Gilgil, na kuna watoto wanaofundishwa kuruka vizuizi huko Karen. Nyuma ya kila farasi aliyepigwa brashi akang'aa kuna saisi aliyeamka kabla ya jua. Baadhi ya masaisi hao ni watu wetu wa hapa kanisani. Mmoja alinishika mkono baada ya mafunzo ya Jumatano akaniuliza: "Pasta, nikiona mnyama amechoka, na mwenye mnyama anasema hajachoka, mimi ninyamaze?"

Nilimwomba anipe muda nisome kwanza. Ukitaka kusema neno la haki juu ya farasi, lazima kwanza ujue farasi ni kitu gani.

Basi nilichojifunza ni hiki. Farasi hapati nguvu wakati anakimbia. Akikimbia anachoka tu, kama wewe. Nguvu huja baadaye, mwili unapotengeneza kile kilichochoka na kukifanya imara kuliko kilivyokuwa. Kwa hiyo mazoezi bila mapumziko ni kama kubomoa ukuta kila siku ukisema unajenga. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye hesabu, kwa sababu sehemu za mwili wake hazijengeki kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu hujibu haraka. Wiki chache za kazi nzuri, na yule farasi aliyekuwa anahema anapanda mlima bila shida. Misuli nayo hufuata. Lakini kano na mifupa huchukua miezi. Sasa ona hatari iliyopo hapo katikati: kuna kipindi ambacho farasi anaonekana yuko tayari kabisa, anavuta hatamu, macho yanawaka, anataka kwenda, na miguu yake bado haijafika. Moyo unasema twende, mguu unasema ngoja, na mpandaji anausikia moyo peke yake.

Huko California, Marekani, kwa miaka mingi farasi wanaokufa kwenye viwanja vya mbio wamekuwa wakipasuliwa ili ijulikane nini kiliwaua. Mara nyingi wachunguzi walikuta kwamba mfupa uliovunjika siku ya mbio ulikuwa tayari na nyufa ndogo za siku zilizopita, kwa sababu kazi ilirudiwa kabla mfupa haujapata nafasi ya kujirekebisha. Watu waliokaa jukwaani waliona ajali ya ghafla. Mfupa ulikuwa umeanza kulalamika wiki nyingi kabla.

Jambo lingine ni chakula cha misuli. Mtu akikimbia mbio ndefu halafu akala vizuri, akiba ya sukari kwenye misuli yake hurudi kwa muda wa siku moja hivi. Farasi huhitaji siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo ukimpigisha shoti kali Alhamisi ili "kumkumbusha" mbio za Jumamosi, unampeleka uwanjani na tangi nusu. Ndiyo maana watu wenye uzoefu humaliza kazi nzito siku kadhaa kabla ya mbio fupi, na kwa zile safari ndefu za kilomita 80 au 160 humaliza wiki moja, hata mbili kabla. Siku zinazobaki ni za kutembea, kukimbia polepole, kunyoosha viungo na kwenda malishoni. Mzazi wa mtoto wa Form Four anaelewa. Usiku wa kuamkia mtihani hauongezi kitu kichwani. Unaweza tu kuharibu kilichopo.

Mpaka hapo utadhani jibu ni rahisi: basi mwache farasi apumzike, yaishe. Hapana. Kuna ugonjwa ambao wazungu wa zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Enzi za mikokoteni na majembe ya kukokotwa, farasi wakubwa wa kazi walifanya kazi siku sita, na Jumapili wakapumzishwa. Mwenyewe alikuwa mtu wa dini, alifunga kazi kama ilivyoandikwa. Lakini alimfungia farasi ndani ya banda siku nzima, na akamwekea nafaka ileile ya siku ya kazi, ndoo imejaa. Jumatatu farasi anatolewa, anapiga hatua chache, misuli ya mgongo na mapaja inakaza kama ubao, anatoka jasho, hawezi kwenda. Mkojo unatoka wa rangi ya kahawia, kwa sababu misuli imeanza kuvunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Wengine walikufa.

Habari hii nimeifikiria sana. Yule mkulima hakuwa mkatili. Alitoa siku ya mapumziko, na bado alimuumiza mnyama, kwa sababu aliona kupumzika ni kuzima kazi tu. Aliacha chakula kilekile, akafunga mlango, akaenda zake kanisani. Farasi aliye porini hutembea akila nyasi karibu saa kumi na sita kwa siku. Miguu yake husaidiwa na mwendo katika kurudisha damu juu, na tumbo lake limeumbwa kupokea kidogo kidogo, bila kukoma. Kumsimamisha ndani ya banda saa ishirini na nne ni adhabu nyingine, siyo pumziko. Pumziko lake ni uwanja, nyasi, mwenzake wa karibu, na nafaka iliyopunguzwa siku ambayo hakuna kazi.

Kisha kuna usingizi. Farasi husinzia akiwa amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga isikunjike. Lakini ule usingizi mzito anaupata akilala chini tu, na anahitaji muda mfupi, nusu saa hadi saa moja hivi kwa siku. Halali chini kama hajisikii salama. Sasa mpeleke mahali pageni usiku wa kabla ya mashindano, banda dogo, taa zinawaka, muziki unalia, farasi asiowajua wanapiga mateke ukutani. Atasimama usiku kucha. Asubuhi mwenyewe atasema, "Jana tulimpumzisha." Labda yeye ndiye aliyepumzika.

Basi huruma isiyo na maarifa inaweza kuumiza. Hilo tuliweke pembeni, tuingie kwenye swali lenyewe.

Kabla ya utumishi nilisoma biashara chuo kikuu, na yale macho hayajanitoka. Kwenye biashara, kupumzisha kitu cha kazi ni matengenezo. Lori linapelekwa gereji kila baada ya kilomita kadhaa, mafuta yanabadilishwa, breki zinaangaliwa. Hakuna anayesema mwenye lori ana upendo. Anajua hesabu tu: lori likifa njiani, hasara ni kubwa kuliko bei ya mafuta. Ukiangalia vizuri, mengi ya yale niliyoandika hapo juu ni matengenezo ya namna hiyo. Mpumzishe ili sukari irudi. Mpumzishe ili mfupa usivunjike. Mpumzishe ili ashinde. Ni mashauri mazuri, na sitaki kuyadharau, maana farasi anayetunzwa kwa hesabu nzuri anaishi vizuri kuliko yule anayependwa na mtu asiyejua chochote.

Lakini soma Kutoka 23 polepole. Inatolewa amri ya siku ya saba, na inatolewa sababu: ng'ombe na punda wapate kupumzika. Basi. Hakuna neno la kulima vizuri zaidi siku inayofuata. Hakuna neno la mavuno. Pumziko la mnyama limeandikwa kama lengo, halikuandikwa kama gharama ya uzalishaji. Farasi hatajwi hapo kwa jina, na ukijua Israeli ya kale utaelewa kwa nini: shamba lilikuwa la ng'ombe na punda, farasi alikuwa wa vita na wa wafalme, na wafalme wenyewe walionywa wasijiongezee farasi wengi. Lakini Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza mnyama wako yeyote, kwa hiyo naye ameingia ndani.

Kuna ndugu atakayeniletea Paulo, 1 Wakorintho 9, pale anapouliza kama Mungu anahangaika na ng'ombe, na kuipeleka ile sheria ya ng'ombe anayepura nafaka kwa watumishi wa injili. Nakubali, ipo. Lakini hoja ya Paulo hupanda kutoka kwa kidogo kwenda kwa kikubwa. Kama haki ya ng'ombe ingekuwa si kitu, asingekuwa na ngazi ya kupandia.

Sasa wacha niseme pale penye ugumu. Siku nyingi, hesabu ya biashara na haki ya mnyama husema neno moja. Farasi aliyepumzika vizuri hushinda, na yule mwenye tamaa na yule mwenye huruma wanafanya jambo lilelile asubuhi ileile. Ukiwatazama huwezi kuwatofautisha. Wao wenyewe pengine hawajijui. Siku ya kuwajua ni ile ambayo mambo haya mawili yanaachana.

Ifikirie siku hiyo. Ni Ijumaa jioni. Ada ya kuingia imelipwa. Lori la kusafirisha limekodiwa. Wageni wa mwenye farasi wamealikwa na nyama imenunuliwa. Farasi ameacha robo ya chakula chake. Saisi akipitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, kwenye kano, anahisi joto kidogo kuliko mguu wa kulia. Hachechemei. Anaweza kukimbia kesho. Anaweza hata kushinda. Na anaweza akavunjika, au asivunjike ila akaumia mahali ambapo patamsumbua mwaka mzima. Hakuna anayejua. Hapo ndipo utajua yale mapumziko ya miezi mitatu yalikuwa ya nani.

Tuna kisa cha hapahapa Kenya. Beryl Markham, yule mama aliyeruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada mwaka 1936, alikuwa mfunza farasi kabla ya kuwa rubani. Alikulia Njoro kwenye shamba la baba yake, na alipata leseni ya kuandaa farasi wa mbio akiwa bado kijana sana. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1942 anasimulia habari za farasi jike aitwaye Wise Child. Kano za miguu yake zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi makali mno kabla hajafika mikononi mwake. Wakati huohuo Markham alikuwa ameandaa farasi mwingine mwenye nguvu, Wrack, lakini mwenyewe akamchukua na kumpeleka kwa mfunzaji mwingine zikiwa zimebaki wiki chache tu mbio kubwa ya St Leger ikimbiwe Nairobi. Akabaki na Wise Child na miguu yake mibovu. Akampandisha kazi pole pole, akipima kila siku ni kiasi gani miguu ile itabeba. Siku ya mbio Wise Child alimshinda Wrack.

Ni hadithi tamu, na kila nikiisoma namshangilia yule farasi. Lakini niulize kama ninavyouliza darasani: je, ushindi ule unathibitisha kwamba ilikuwa haki kumkimbiza? Kitu kimoja walichotufundisha kwenye somo la maamuzi, na ambacho watu wengi wa biashara hawakishiki, ni kwamba matokeo mazuri si ushahidi wa uamuzi mzuri. Mtu anaweza kuendesha gari usiku bila taa kutoka Nakuru na akafika salama. Kufika kwake hakufanyi jambo lile kuwa la busara. Yule mama alikuwa na ujuzi, na naona wazi kwamba alimjali mnyama wake. Kumwandaa kwa mkono mwepesi lilikuwa jambo jema. Lakini kumweka kwenye mstari wa kuanzia miguu ikiwa vile ni jambo lingine, na mimi binafsi naona alicheza kamari kwa mali ambayo si yake yote. Pesa ya ada ilikuwa ya watu. Kano zilikuwa za farasi.

Utaniambia, "Lakini farasi anapenda kukimbia." Wengi wanapenda, ni kweli. Mwachie uwanjani asubuhi ya baridi utamwona anaruka peke yake. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kupenda kukimbia na kukubali kukimbia leo, umbali huu, kwa kasi hii, na mguu huu. Farasi hajui tarehe. Hajui kwamba kesho kuna kikombe, wala kwamba akikosa hii kuna nyingine mwezi ujao. Tena ni mnyama anayewindwa. Porini anayeonyesha maumivu ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo ameumbwa kuficha. Akiwa na wenzake pembeni na mtu mgongoni atakwenda mpaka aanguke. Ukisema "mbona hakulalamika", umeweka masikio yako mahali ambapo yeye hasemi.

Mkataba wa kazi una pande mbili. Mfanyakazi anaweza kugoma, anaweza kuacha, anaweza kwenda kortini. Kwa farasi, mtu mmoja anakaa pande zote mbili za meza. Yeye ndiye anayetaka kazi, na yeye ndiye anayetakiwa kusema "imetosha" kwa niaba ya anayeifanya. Mimi sijaona cheo kigumu kuliko hicho, na ndiyo maana nadhani mfunzaji mwema huwa na mtu mwingine anayeruhusiwa kumwambia hapana.

Hapo ndipo Balaamu anaingia. Mnakijua kisa. Mtu yuko safarini, kuna malipo mbele yake, na punda wake anakataa njia. Anapigwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sisi huhubiri kwamba punda alisema. Mimi hushikwa na lile alilolisema. Alimkumbusha bwana wake kwamba amempanda miaka yote, na kumuuliza kama ana desturi ya kumfanyia hivi. Yaani alimwomba aangalie rekodi. Mnyama mwenye historia nzuri akibadilika ghafla, jambo la kwanza si fimbo, ni swali. Na malaika, kabla hajasema lolote juu ya ile safari, aliuliza kwanza kwa nini punda amepigwa.

Kwa hiyo, kwa ndugu yangu saisi na kwa wengine wanaofanya kazi ya mabanda, jibu langu ni: usinyamaze, lakini usiende na hisia tupu. Nenda na rekodi. Kila asubuhi, kabla ya chakula na kabla ya fujo, weka vidole chini ya taya ya farasi uhesabu mapigo. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, na kila mmoja ana namba yake. Ukijua ya huyu ni 34, na leo ni 42 bila sababu, umeona kitu. Pitisha mkono kwenye miguu yote miwili ya mbele, linganisha joto. Tazama ndoo, amebakiza kiasi gani. Tazama matandiko ya banda na manyoya yake, je, kuna alama kwamba alilala chini? Andika na tarehe kwenye kijitabu cha shilingi hamsini. Kisha mwambie mwenye farasi mapema, Jumatatu au Jumanne, wakati bado hajalipia lori. Mwambie kwa heshima, na ikiwezekana daktari wa mifugo akiwepo. Mtu mwenye pesa zake husikiliza namba haraka kuliko anavyosikiliza huruma. Na pesa iliyokwisha kulipwa hairudi akimkimbiza au asipomkimbiza, hilo hata mwaka wa kwanza chuoni tulilijua. Anachochagua Ijumaa jioni ni kile kinachokuja tu.

Akiamua vingine, uamuzi ni wake, wewe umesema. Lakini kuna mahali pa kusimama. Ukiambiwa umchome dawa ya maumivu ili asionekane anachechemea mbele ya wakaguzi, usikubali. Sheria za mashindano zinakataza, na zaidi ya sheria, kuchechemea ni neno pekee alilonalo farasi. Ukilizima umemfunga mdomo na kumwambia aendelee. Sitakudanganya kwamba huwezi kufukuzwa. Unaweza. Kodi ya nyumba haisubiri, na watoto wanataka karo. Ndiyo maana jambo hili silielekezi kwa saisi peke yake. Kama mmoja wetu akipoteza kazi kwa sababu hiyo, ofisi ya kanisa ijue ndani ya wiki hiyohiyo, na tujue kama kanisa tunafanya nini. Mzee wa ushirika wenu anisikie.

Wenye farasi wanaosoma ukurasa huu, maana najua wako wawili watatu, nawaambia hivi: amueni sheria yenu kabla ya msimu, wakati hakuna kikombe mezani. Andikeni ni namba gani, joto gani, chakula kiasi gani kikiachwa, ndipo farasi hatoki. Mpeni saisi na daktari nguvu ya kuitekeleza. Ijumaa jioni si saa ya kutunga kanuni.

Michezo mingine imejaribu kuweka haya kwenye mfumo. Mbio ndefu za farasi zina vituo vya lazima njiani ambapo kila mnyama hupimwa. Katika mashindano ya kimataifa, mapigo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, ametolewa, hata kama ndiye aliyekuwa wa kwanza. Baada ya mashindano kuna siku za kupumzika ambazo mwenyewe hawezi kuzifupisha, na zinaongezeka kadiri umbali ulivyokuwa mrefu. Sheria hizo hazikutoka mbinguni. Zilitoka kwenye farasi waliokufa.

Huko Marekani kuna safari moja iitwayo Tevis Cup, iliyoanza 1955, maili 100 za milima ya Sierra Nevada kwa siku moja, kutoka upande wa Ziwa Tahoe hadi mji wa Auburn. Mara nyingi karibu nusu ya walioanza hawamalizi. Anayefika kwanza hupata kikombe, ikiwa tu farasi wake amepimwa na kuonekana angeweza kuendelea. Lakini tangu 1964 kuna kikombe cha pili, Haggin Cup, kinachoshindaniwa na wale kumi wa mwanzo. Hicho hakiangalii nani alitangulia. Hakitolewi usiku ule wa kufika, watu wakipiga makofi. Farasi wanaachwa walale. Asubuhi yake wanaletwa mbele ya madaktari, wanaguswa miguu, wanasikilizwa moyo na tumbo, wanatembezwa na kukimbizwa kidogo, na kikombe kinakwenda kwa yule aliyeamka akiwa mzima kuliko wote.